Mkate Niliouma Kabla ya Kuulizwa

Kwa wale ambao gazeti lao la wiki iliyopita lilifungiwa vitunguu sokoni kabla hawajalisoma, ngoja niwape kwa kifupi.

Mimi ni Gaudencio, fundi viatu wa hapa Cholula, mwanamume wa makamo ambaye hajawahi kuoa. Mpwa wangu Yareli nimemlea mimi tangu dada yangu alipofariki. Wiki iliyopita niliwaacha nikikimbizwa na mbwa wa mpiga kengele wa kanisa. Niliruka ukuta wa watu nisiowajua, nikaangukia kamba ya nguo, nikatokea upande wa pili na gauni la kijani limenifunika uso.

Nilikimbia mitaa kadhaa bila kuona mbele. Nilipolivua sikujua tena ule ua ulikuwa wapi, na sikuwa na hamu ya kurudi kumuuliza mbwa.

Gauni lenyewe lilikuwa zuri kweli. Kifuani lilidariziwa ndege wawili wekundu wanaotazamana. Nikalifua, nikalipiga pasi, nikampa Yareli, nikamwambia nimelinunua mjini Puebla. Mtoto alinikumbatia mpaka nikakosa pumzi, na mimi nikanyamaza.

Sasa sikieni yaliyonikuta Jumapili.

Yareli anapendana na Efrén, mtoto wa Doña Chonita mwenye mgahawa wa mtaani kwetu. Kwetu binti haombwi kwa maneno matupu. Linakuja kapu: mikate ya ufuta, chokoleti, chupa ya kitu kikali. Mkubwa wa nyumba ya binti akiuma mkate, maneno yamekwisha. Asipouma, kapu linarudi lilikotoka na watu hawasalimiani tena mpaka kaburini.

Mkubwa wa nyumba ya Yareli ni mimi. Hebu fikirieni.

Tulifika mgahawani baada ya misa. Palikuwa pamejaa. Meza ndefu ya katikati ilikuwa na watu wa ubatizo, watoto wanakimbizana na maputo chini ya viti, na wapiga gitaa wawili kwenye kona wanagombana ni wimbo gani uanze. Harufu ya mole, ule mchuzi wetu mzito wa pilipili na chokoleti, ilinipokea mlangoni, ikanishika mkono, ikanikalisha.

"Mjomba, rudia," alisema Yareli.

"Kapu likiwekwa mezani, nafunua kitambaa, nachukua mkate wa juu, nauma, nasema nyumba yangu imepokea."

"Na kabla ya hapo?"

"Sili."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu Doña Chonita asije akanikuta mdomo umejaa kuku."

"Haya. Na usinywe maji ya rosela, hayo mekundu ya maua."

"Hata maji?"

"Ukinywa utakwenda chooni, na kapu litakukuta huko huko. Mjomba, mi nakujua."

Yeye aliagiza. Eti masharti ya tumbo si ya bibi harusi. Akaletewa paja la kuku limezama kwenye mole nyeusi, wali mwekundu, maharage, na tortila, zile chapati zetu za mahindi, zimefungwa kwenye kitambaa, bado zinatoa moshi. Efrén mwenyewe ndiye aliyeleta, kijana mwembamba ambaye masikio humtangulia kufika. Alipoliona lile gauni la kijani alisahau sahani iko mkononi mwake.

"Usije ukalichafua," akamwambia, akavua aproni yake, akamfunga. Ni ile aproni kubwa ya jikoni, ya kutoka shingoni mpaka magotini.

Nikakaa pale nikimtazama mtoto niliyemlea akila. Watu walipita kwenda kwenye meza zao, kila mmoja akitusalimu kama ilivyo ada: "Chakula chema! Chakula chema!" Nami nikawa naitikia "asante" mbele ya meza tupu. Mzee mmoja alinitazama mara mbili, nadhani alidhani nimefunga nadhiri.

Yareli alipomaliza alisimama. "Naenda kunawa na kujitengeneza nywele. Usifanye kitu chochote."

"Nitafanya nini? Si nimekaa tu."

"Ndiyo maana nakwambia."

Akaenda. Nikainamisha kichwa, nikafumba macho, nikawa narudia somo langu kimoyomoyo. Kapu, kitambaa, mkate, uma, nyumba yangu imepokea.

Nikasikia puu! mezani. Nikafumbua macho. Kapu!

Sikuinua uso kumtazama aliyelileta. Niliogopa nikimtazama Doña Chonita nitasahau maneno. Nilichoona ni kitambaa cheupe kilichodariziwa ndege wawili wekundu wanaotazamana. Nikajiambia, hawa ndege nimewaona mahali. Lakini tumbo likajibu kabla ya kichwa. Nikafunua, nikachukua mkate wa juu, nikauma.

Jamani. Sijui niseme nini juu ya mkate ule. Ulikuwa na siagi, ulikuwa na mdalasini, na ufuta wake ulikuwa umekaangwa na mtu mwenye huruma. Niliuma nusu nzima.

Nikasimama, nikasema kwa sauti ya mkubwa wa nyumba, ingawa nusu ya maneno yalipita puani: "Nyumba yangu imepokea!"

Mgahawa mzima ukapiga makofi. Wapiga gitaa wakaacha ugomvi wao wakaanza kupiga. Watu wa ubatizo wakapiga vigelegele, puto likapasuka, mtoto aliyebatizwa akaamka akaanza kulia. Nilifurahi, ndugu zangu. Nilijiambia kwa mara ya kwanza maishani Gaudencio amefanya jambo bila kuliharibu.

"Bwana," ikasema sauti ya mwanamke, "mimi nilikuwa napumzisha mkono tu."

Nikainua uso. Hakuwa Doña Chonita. Alikuwa mama mmoja wa umri wangu, mwili umejaa, mvi chache kwenye msuko, ushungi wa buluu mabegani. Nyuma yake alisimama kijana mnene aliyejitwika tuba begani, lile tarumbeta kubwa la bendi, mdomo wazi.

"Nilikuwa nakwenda pale," akasema, akaonyesha meza ya jirani.

Kwenye meza ya jirani alikaa Don Anselmo muuza maua na bintiye Maricruz, amevaa rangi ya waridi mpaka kwenye viatu. Don Anselmo alikuwa ameshakunja mikono ya shati, tayari kwa kuuma. Vidole vyake vilikuwa bado hewani.

"Sasa mbona umesimama kwenye meza yangu?" nikauliza.

"Si vyungu vya moto vilikuwa vinapita? Ulitaka nimwagikiwe mole?"

"Ungesema basi!"

"Nilikuwa nimefungua mdomo niseme chakula chema. Wa kwako ukawa umeshafunguka."

Nikajaribu kusahihisha. Nilirudisha kipande kwenye kapu, nikakigeuza upande ulioumwa uangalie chini, nikafunika kitambaa vizuri, nikakipigapiga. Kumbe mgahawa wote ulikuwa unanitazama. Mtu mmoja huko nyuma alisema, "Hapo hata mimi singejua," na watu wakaangua kicheko.

Yule mama akajitambulisha, maana adabu alikuwa nayo. Anaitwa Doña Hermelinda, mjane, mshonaji. Kijana wa tuba ni Wulfrano, mtoto wa marehemu kaka yake, na kapu lilikuwa la kumwombea Maricruz.

"Mwanangu hali makombo!" akafoka Don Anselmo.

"Baba, mikate mingine imo tele humo ndani," akasema Maricruz.

"Kapu limeumwa! Kapu likiumwa limeumwa!"

Wulfrano akaanza kulia. Kwa kuwa mdomo wake ulikuwa karibu na tuba, kila kwikwi ilitoka mle kama ng'ombe aliyepotea. Watoto wa ubatizo wakaacha maputo wakaja kumsikiliza.

Wakati huo huo Yareli akarudi, nywele zimepambwa na utepe, aproni bado iko shingoni kwa sababu furaha ilimsahaulisha.

"Mjomba. Una nini kwenye masharubu?"

"Ufuta."

"Kapu limekuja?"

"Kapu limekuja," nikasema. Hilo halikuwa uongo.

Mlango wa jikoni ukafunguka. Doña Chonita akatoka. Alikuwa amevaa hereni zake za Krismasi, kapu mikononi, Efrén nyuma yake na viatu nilivyomshonea mimi mwenyewe. Akaja mpaka mezani kwetu akitabasamu, akaona kapu lingine, akaona kitambaa kimekaa upande, akaniona mimi.

Tabasamu likarudi jikoni peke yake.

"Don Gaudencio, huo uliouma si mkate wangu. Mkate wangu nimeuoka kwa mkono wangu tangu alfajiri."

"Doña Chonita, ngoja nikueleze."

"Kwa hiyo Yareli umeshampa huyu wa tuba?"

"Nini?" akapiga kelele Yareli. "Mjomba! Umenipa kwa tuba?"

"Mimi namtaka Maricruz!" akalia Wulfrano.

"Na mimi namtaka yeye!" akadakia Maricruz.

"Wewe nani kakuuliza?" akasema Don Anselmo.

Masikio ya Efrén yakabadilika rangi.

"Ilikuwa bahati mbaya!" nikasema, nikainua mikono yote miwili. "Sikujua kapu la nani. Nilikuwa na njaa. Mkate ule haukuwa na maana yoyote!"

Doña Chonita aliweka kapu lake kiunoni, upande wa mbali na mimi. Huyu ni mama wa watoto sita na mgahawa mmoja, humshindi kwa maneno.

"Sawa. Ukisema mkate wa huyu mama uliuma kwa bahati mbaya, mimi nitajuaje kama na wangu hutauuma kwa bahati mbaya? Kesho utakuja uniambie ulikuwa na njaa. Mdomo wako ama una maana ama hauna. Kama hauna, mwanangu hapokelewi na mdomo usio na maana."

"Anasema kweli," wakasema watu wa ubatizo.

"Na kama una maana?" nikauliza.

"Basi ule wa kwanza nao una maana."

Nikamtazama Yareli. Alikuwa amekaa kwenye kiti, mikono mapajani, ananitazama bila hasira sasa, na hilo ndilo lililoniumiza. Hasira zake nimezizoea. Alipokuwa mdogo alikuwa akinitazama hivyo kila nilipomwahidi kitu, kabla hajajua kama nitakitimiza. Yareli ndiye kila kitu changu hapa duniani, naandika wazi na sioni haya. Na mimi na meno yangu ndio tuliomweka pale.

Doña Chonita akamgeukia mshonaji. "Mama, kapu lilibebwa na nani?"

"Na mimi."

"Liliwekwa mezani na nani?"

"Na mimi tena."

"Una mume?"

"Alikufa. Mungu amrehemu, kama atapata nafasi."

"Na huyu aliyeuma, ana mke?"

"Hana!" ukajibu mgahawa mzima. Hata watu nisiowajua walijua.

"Basi jambo lenyewe ni jepesi," akasema Doña Chonita. "Hakuna binti aliyeombwa hapa. Kapu limetoka kwa Doña Hermelinda likafika kwa Don Gaudencio, na Don Gaudencio kalipokea mbele ya watu. Wulfrano arudi Jumapili ijayo na kapu lake jipya, Don Anselmo aume kwa nafasi yake. Na mimi nikishaona mdomo huu umesimamia mkate wake wa kwanza, nitauamini na wa kwangu."

Kicheko kilichopigwa pale kiliangusha chupa ya pilipili. Wapiga gitaa walianza wimbo wa harusi bila kuombwa. Mzee yule aliyedhani nimefunga nadhiri alisimama akanipa mkono wa pongezi.

Mimi nikashika ukingo wa meza. Mnajua nimekwepa ndoa ngapi. Ya tatu niliitoroka kupitia dirisha la kanisa, na mliniandikia barua za kunitukana wiki tatu mfululizo. Miguu yangu ilikuwa imeshaanza kuutazama mlango.

Kisha nikasikia mtu anacheka karibu yangu. Alikuwa Doña Hermelinda. Aliziba mdomo kwa ushungi, mabega yanatikisika, machozi yanamtoka. Alikuwa amepoteza kapu, amepoteza shughuli, ameaibishwa na fundi viatu mwenye ufuta masharubuni, na alikuwa anacheka. Kicheko chake kilikuwa cha mtu aliyekikosa muda mrefu. Miguu yangu ikaacha kutazama mlango.

"Doña Hermelinda," nikasema, "mkate wako ni mtamu."

"Najua."

"Niliuma kwa njaa. Lakini nimemeza kwa akili timamu."

"Uuuuu!" wakasema watu wa ubatizo.

"Nyamazeni ninyi," akawaambia. Akachukua kile kipande kwenye kapu, akakigeuza, akapima alama ya meno yangu kwa kidole. "Mbona umeuma pakubwa hivi?"

"Sijala tangu asubuhi."

"Mwanamume anayeuma hivi atanimalizia unga wa nyumba."

"Nitanunua mwingine."

"Viatu unashona vizuri?"

"Muulize Efrén."

Efrén akainua mguu mmoja, akauonyesha. Doña Hermelinda akaukagua kama mtu anayejua mshono, akatikisa kichwa kukubali.

"Nina sharti moja," akasema, na sasa hakuwa anacheka. "Mume wangu wa kwanza alikuwa mwongo. Alinidanganya hata juu ya mvua, anaingia ndani amelowa ananiambia nje kukavu. Siwezi tena. Kuna kitu chochote unanificha?"

"Hakuna," nikasema.

Naapa kwa Bikira, ndugu zangu, wakati ule kichwani mwangu hapakuwa na ndege hata mmoja.

Doña Hermelinda akautazama mkate kidogo. Halafu akauma upande wa pili.

Sijawahi kusikia kelele kama zile. Don Anselmo alisahau kununa, akamkumbatia Wulfrano pamoja na tuba lake. Maricruz alimbusu Doña Chonita. Mimi nilisimama katikati, nimechumbiwa katika umri huu, nacheka kama mwehu, na wala sikuona ubaya wowote.

"Haya sasa," akasema Doña Chonita, akaliweka kapu lake mbele yangu. "Mdomo nimeuona. Yareli mwanangu, simama watu wakutazame."

Yareli akasimama. Akafungua kamba ya aproni mgongoni, akaitoa kichwani, akampa Efrén. Akanyoosha gauni lake la kijani kwa viganja, akainua uso. Alipendeza mpaka wapiga gitaa walikosea.

Nikaingiza mkono kapuni, nikashika mkate wa juu. Ulikuwa bado una joto.

Kando yangu, Doña Hermelinda alikuwa anatafuna. Akaacha kutafuna. Alitazama kifua cha Yareli, akatazama kitambaa cha kapu lake pale mezani, akarudi kwa Yareli. Ndege wawili wekundu huku, ndege wawili wekundu kule.

"Binti," akasema taratibu, "gauni zuri. Umelipata wapi?"

"Ah, Doña Hermelinda!" akajibu Yareli, uso unang'aa kwa furaha na shukrani. "Mjomba wangu ndiye kaninunulia. Alilifuata mbali, mpaka Puebla!"

"Kalinunua," akasema Doña Hermelinda.

Akameza kile kilichokuwa mdomoni. Mkate wa Doña Chonita ulikuwa umeshafika kwenye masharubu yangu. Efrén alikuwa ameikumbatia ile aproni, na Yareli ananitazama kwa yale macho ya kungoja ahadi.

Mkono wa mshonaji ukanishika kifundo cha mkono, mkono wenye nguvu ya mtu anayekata vitambaa vizito kila siku.

"Huo usiuume kwanza," akaniambia.